Ndugu yako akitoka gerezani, mpokee hivi

Mdogo wangu alifungwa miaka 3 kwa wizi wa pikipiki, hapa Moshi, gereza la Karanga. Mimi ndiye dada mtu niliyempokea, na nilikosea mengi.

Kosa la kwanza lilikuwa hesabu. Mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo miaka 3 huwa 2. Lakini kuna na misamaha ya Rais, hasa ya 26 Aprili na 9 Desemba. Mimi namsubiri Machi, yeye kabisha hodi Desemba, saa mbili usiku, na shati lile lile alilokamatwa nalo. Chumba chake nilishakipangisha.

Mpikie, ila usiite watu. Mimi niliita ukoo mzima na kreti mbili za soda. Alimaliza sahani yake kabla wengine hawajanawa, akasimama ananitazama. "Dada, niende nikaoshe?" Alikuwa anaomba ruhusa. Wiki nzima nilimkuta alfajiri amechutama mlangoni, kama anayesubiri kuhesabiwa. Usimcheke wala usimhoji. Mpe funguo yake mwenyewe.

Kesho yake nenda naye kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, kabla umbea haujawatangulia. Bebeni ile karatasi ya kuachiwa na nakala zake. Barua ya mtaa ataihitaji mara nyingi. Laini yake ya zamani huenda imeshafungwa. Kusajili mpya kunataka namba ya NIDA na alama za vidole, basi lishughulikieni hilo mapema.

Sasa aliyeibiwa. Hapa wengi hukwepa, na hapa ndipo mtaa unapoangalia. Usimwache aende peke yake. Tulimtanguliza mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote, aulize tu kama mwenye pikipiki yuko tayari kutuona. Akakataa. Tulikaa mwezi, mzee akarudi tena. Safari hii alitukaribisha uani, chai hakutoa, akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekusikia." Basi. Ila tangu siku hiyo mdogo wangu anapita barabara kubwa. Zamani alikuwa anazungukia mferejini.

Mtaji wa fedha taslimu usimpe mapema. Elfu hamsini yangu ilikwisha siku mbili, kwa marafiki. Karanga kuna kiwanda cha viatu na alijifunzia humo kushona, kwa hiyo nikanunua vifaa: nyundo, uzi, sindano, gundi. Nikamwombea fundi wa karibu na stendi nusu ya benchi lake. Kama wako naye ana ujuzi wa gerezani, ulizeni VETA: wana utaratibu wa kumpima fundi ambaye hakupita darasani na kumpa cheti.

Viatu vyangu vya kanisani ameshavibadilisha soli mara mbili. Bado ananidai elfu tatu, na ananikumbusha mbele za watu.