Chipu ya flashi ikigoma, iulize kwanza iko katika hali gani

Nina kopo ninalotupia chipu zilizokufa. Siku moja nililimwaga mezani nikazipima upya, nikakuta W25Q128 mbili, chipu za flashi za kuhifadhi data, nzima kabisa. Moja ilikuwa imelala tu nilipoitoa kwenye bodi, nyingine ilikuwa imefungwa isiandikwe. Zote mbili nilizitoa kwa hewa ya moto, na mojawapo nikaharibu njia za bodi ya watu. Tangu siku hiyo sishiki kifaa cha moto kabla sijaongea na chipu kwa mkono, amri moja baada ya nyingine. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Nyaya

W25Q128 ya Winbond ina megabaiti 16 na miguu minane. Soma herufi zinazofuata namba: FV na JV ni za volti 3.3, FW na JW ni za volti 1.8, na hizo usiziunge hapa. Mimi natumia bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico yenye MicroPython (Python ya vifaa vidogo) kwa sababu nayo ni ya volti 3.3. Arduino Uno hutoa volti 5 kwenye nyaya za data, iache.

Mguu wa 1 uko penye nukta. GP ni majina ya pini za Pico: unga 1 kwenye GP17, 2 kwenye GP16, 6 kwenye GP18, 5 kwenye GP19, 4 kwenye ardhi na 8 kwenye 3V3. Mguu wa 3 na wa 7 upeleke 3V3, kila mmoja kupitia rezista ya kilo-ohm 10. Wengi huiacha 7 ikining'inia, kisha chipu inasimama katikati ya kusoma bila sababu inayoonekana. Huo ndio mguu wa kuisimamisha, na waya usiofungwa popote hudaka chochote.

```
from machine import Pin, SPI
cs = Pin(17, Pin.OUT, value=1)
spi = SPI(0, baudrate=1000000, sck=Pin(18), mosi=Pin(19), miso=Pin(16))
def tuma(amri, n=0):
    cs(0)
    spi.write(amri)
    jibu = spi.read(n)
    cs(1)
    return jibu
```

Hatua ya 2: Jina lako nani?

Andika `tuma(b'\x9f', 3)`. Jibu ni `b'\xef@\x18'`. Hiyo @ isikushtue: ni 40 ya heksadesimali, MicroPython imeionyesha kama herufi. EF ni Winbond, 18 ni ukubwa. Baadhi ya JV hujibu 70 badala ya 40, na hilo si kosa.

Ukipata FF tatu au sufuri tatu, ama nyaya hazijashika ama chipu imelala. Ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 3: Kufuta na kuandika

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo twende polepole. Chipu ikiwashwa husoma tu. Ukiiamuru kuandika hainung'uniki, inapuuza. Lazima kwanza uipe ruhusa kwa amri 06, na ruhusa hiyo ni ya tendo moja: ikimaliza kufuta au kuandika, inajifuta.

Rejista ya hali, yaani baiti inayoeleza chipu iko katika hali gani, husomwa kwa amri 05. Jaribu:

```
tuma(b'\x06'), print(tuma(b'\x05', 1))
tuma(b'\x20\x00\x00\x00'), print(tuma(b'\x05', 1))
```

Mstari wa kwanza unatoa `\x02`, yaani ruhusa ipo. Wa pili uuandike vilevile kwa mstari mmoja. Utatoa `\x03`: ruhusa ipo na kazi inaendelea. Kufuta sekta ya kilobaiti 4 huchukua sehemu ndogo ya sekunde, ukichelewa utakuta `\x00`. Ikiwa kazini haipokei amri ya kusoma data, kwa hiyo programu yako isubiri biti ya kazi (ile ya 01) ishuke.

Sasa andika neno, kisha lisome:

```
tuma(b'\x06'), tuma(b'\x02\x00\x00\x00Pwani')
tuma(b'\x03\x00\x00\x00', 5)
```

Inarudi `b'Pwani'`. Rudia ukiandika `Mjini` palepale, bila kufuta. Ukisoma utapata `b'@bani'`. Chipu haijaharibika. Kuandika kunaweza kugeuza 1 kuwa 0 tu. Kurudisha 1 ni kazi ya kufuta peke yake, na kufuta hakushuki chini ya sekta nzima. Ukurasa, yaani kipande kinachoandikwa kwa amri moja, nao ni baiti 256: ukivuka mwisho wake, data inazunguka na kukanyaga mwanzo wa ukurasa huohuo. Hilo limenilia usiku mzima.

Hatua ya 4: Kulala

`tuma(b'\xb9')` huilaza. Ikilala hula karibu mikroampea moja, ndiyo maana vifaa vya betri huipenda hali hii. Lakini haisikii amri yoyote isipokuwa AB. Mtego wenyewe ni huu: ukianzisha upya programu ya Pico, umeme wa flashi haukatiki, kwa hiyo inaendelea kulala na 9F inakujibu upuuzi. Weka `tuma(b'\xab')` mwanzoni mwa kila programu. Ukichomoa umeme wote inaamka yenyewe, na ndiyo maana ile ya kwenye kopo ilifufuka.

Hatua ya 5: Iliyofungwa

Ile ya pili ilijibu jina vizuri, ikasoma vizuri, ikakataa kufutwa. Amri 05 ikatoa `\x1c`: biti tatu za ulinzi zimesimama, chipu nzima imefungwa. Hizi hazipotei umeme ukikatika. Kama chipu imetoka kwenye kompyuta, nakili kwanza yaliyomo yote, mara mbili, ulinganishe nakala. Kisha:

```
tuma(b'\x06'), tuma(b'\x01\x00')
tuma(b'\x05', 1)
```

Ukiona `\x00`, rudi hatua ya 3. Kama yako inasoma `\x9c` na haibadiliki, angalia kwa mita mguu wa 3, ule wa kuzuia kuandika: ukiwa chini, rejista nayo inaweza kuwa imefungwa. Yangu mguu ulikuwa na volti 3.3, ikafunguka mara ya kwanza.