Kutia kalafati mashua yako mwenyewe

Mashua yangu naipandisha ufukweni Nungwi siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mpevu au mwandamo, ili maji yakipwa ibaki kavu juu ya gadi, miti ya kuitegemeza. Kwanza nawasha makuti chini yake. Moto upite tu, usikae, uue wadudu wanaotoboa mbao. Kisha kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao. Chovya pamba kwenye mafuta ya nazi, isokote nyembamba kama utambi, uishindilie kwenye mwanya kwa patasi butu. Usiwe na pupa: ubao ukilowa unavimba, na pamba ikizidi inausukuma utoke. Mimi hupapasa kila mwanya kwa ukucha, ukizama, narudia. Mwisho paka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Harufu ile naipenda kuliko udi. Maji yakijaa, tweka tanga.