Wewe ni mtu wa shepadi tu? Soma hii kabla hujatoa hela

Kuna watu wa Simba na watu wa Yanga, afu kuna watu wa mbwa, na hawa wa mbwa ndo wabishi zaidi. Mtu wa rotwaila humwambii kitu, mtu wa boaboli anaona wengine wote wanafuga paka, na mimi hapa ni mtu wa jemani shepadi, nimezaliwa nikamkuta mmoja uani kwetu na sa hivi niko na wa tatu wa kwangu mwenyewe. Sina nia ya kukubadilisha mbegu. Ila nimejifunza kwa hela yangu kwamba mtu akishapenda mbegu moja macho yanaingia ukungu, na wauzaji wanalijua hilo vizuri kuliko yeye, ukifungua tu mdomo kwenye simu ukasema "sisi kwetu tumefuga shepadi miaka yote" bei imeshapanda hapohapo.

Mimi wa pili nilipigwa. Laki tano, naambiwa pyua kabisa, baba katoka Sauzi, mama yupo ila "leo kapelekwa kwa dokta". Nikambeba. Miezi saba masikio yamelala kama majani ya mgomba wakati wa kiangazi, mwaka ukafika mkia nao ukajikunja juu ya mgongo kama mundu. Krosi, tena krosi ambayo upande wa kienyeji ndo umeshinda. Anaitwa Tomi, yupo mpaka leo, nitamrudia.

Sa tuanze. Kama mbwa wako kafa juzi, usinunue mwezi huu. Najua banda liko wazi na wezi wameshajua, azima hata mlinzi, lakini subiri kidogo. Chukua karatasi uandike vitu vyote ulivyompendea, afu pembeni ya kila kimoja jiulize hiki ni cha mbegu au ni cha yeye mwenyewe. Wangu wa kwanza, Popi, nilimwandikia hivi: akili nyingi, anafuata mtu mmoja, anabweka kwa sababu sio hovyo, ananisubiri kituo cha bodaboda saa moja jioni, hali chakula cha mtu mgeni, anaogopa radi mpaka anaingia chini ya gari. Ukiangalia vizuri, viwili vitatu vya mwanzo ndo shepadi, vilivyobaki ni Popi. Hivo havinunuliki tena popote. Mimi sikufanya zoezi hili wakati ule, nikamleta Tomi nikamuita Popi, yani jina lilelile, mtoto wa wiki nane namdai mambo ya mbwa wa miaka kumi na moja. Mke wangu ndo akasema huyu mpe jina lake bwana, unamuonea.

Pili, ijue mbegu yako ilitoka wapi, mana wengi tunaipenda kwa sura. Mwaka 1899 kapteni mmoja wa wapanda farasi wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, aliona mbwa wa kuchunga kondoo kwenye maonyesho kule Karlsruhe, akamnunua palepale, akampa jina Horand von Grafrath na kumuandika namba moja kwenye daftari la mbegu. Ndo babu yao. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza hawakutaka kusikia neno Jemani, wakamuita Alsatian, mpaka mwaka 1977 ndo klabu yao ikarudisha jina, ndo mana wazee wa Nairobi mpaka kesho wanakwambia "alseshani" na wako sawa, ni mbwa yuleyule.

Nakueleza haya kwa sababu ya neno moja tu, kondoo. Huyu mbwa ametengenezwa kutembea siku nzima pembeni ya kundi huku anamsikiliza mchungaji. Sa wewe unamfunga mnyororo wa mita mbili chini ya mwembe kuanzia Januari mpaka Disemba, afu unalalamika anazunguka mduara, anajitafuna mkia, kamng'ata mtoto wa jirani. Kama nyumbani hamna mtu wa kumtembeza angalau asubuhi na jioni, penda shepadi wa wenzako.

Na kuhusu saizi. Dume la kawaida linatakiwa liwe na sentimita 60 mpaka 65 begani na kilo 30 mpaka 40, jike sentimita 55 mpaka 60 na kilo 22 mpaka 32. Ukiambiwa "kingi saizi" jua hiyo sio mbegu nyingine, ni mbwa mzito tu, na huo uzito wote unabebwa na nyonga ambazo kwa shepadi ndo udhaifu wenyewe. "Dabo koti" nalo usilipie zaidi, shepadi karibu wote wana manyoya tabaka mbili, ni sawa na kuuziwa gari kwa sababu lina matairi manne.

Haya twende kumuona mtoto, hapa usiwe na haraka. Usikubali kukutana stendi wala sheli, mtu anakuja na boksi kwenye buti la gari, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda wanapoishi. Mama awepo, kwa macho yako, na watoto wawe wanamkimbilia yeye. Muangalie mama kabla ya watoto: anakutazamaje? Kukubwekea ni kazi yake, ila akibweka huku anarudi nyuma na mkia umeingia tumboni, au anataka kukurarua hata mwenyewe akiwa amemshika, huyo atawapa watoto woga huohuo. Baba mara nyingi hayupo na hilo sio kosa, omba picha zake akitembea, video hasa. Kwa wenzetu wa Kenya ulizia karatasi za East Africa Kennel Club, klabu inayoandikisha mbwa wa mbegu. Huku kwetu Dar wengi hawana karatasi yoyote, kwa hiyo macho yako ndo karatasi.

Uliza kama wazazi walipigwa eksirei ya nyonga. Wauzaji wengi watakucheka, uliza tu, atakayekutolea picha huyo usimuache hata akizidisha laki. Kwa mtoto mwenyewe huwezi kujua chochote cha nyonga, ni baadae akifika miezi sita hivi au mwaka ukaona anakimbia na miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura, au anajivuta kuinuka asubuhi, hapo mpeleke.

Masikio yasikudanganye. Wiki nane yanalala, kwa pyua na kwa krosi, yanaanza kusimama kidogokidogo na mengine yanachelewa mpaka miezi mitano sita, wakati meno yanabadilika yanaweza hata kusimama afu yakalala tena. Mimi niliambiwa "subiri meno", nikasubiri meno, nikasubiri Pasaka, nikasubiri Krismasi. Rangi nayo hivohivo, wanazaliwa weusi sana na ile kahawia inapanda na umri.

Unachoweza kukiona siku hiyo ni afya. Mnyanyue. Tumbo likiwa gumu na limejaa kama mpira wakati mbavu zinahesabika, hiyo ni minyoo. Inua mdomo uone fizi, ziwe za pinki, bonyeza kwa kidole, weupe unaobaki urudi pinki ndani ya sekunde mbili hivi. Geuza nyuma, kuwe kukavu na kusafi, ukiona ameharisha, au hata ndugu yake mmoja tu kwenye kundi amelala pembeni hataki kucheza, ondoka siku hiyo, parvo (ugonjwa wa virusi wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa) haina huruma na inabaki kwenye udongo wa hilo banda muda mrefu sana. Kadi ya chanjo iwe na stika iliyotoka kwenye kichupa, tarehe, na sahihi ya dokta, afu mpigie huyo dokta ukiwa palepale mbele ya muuzaji. Uangalie uso wa muuzaji wakati simu inaita.

Jaribio langu la mwisho ni la funguo. Wakiwa wanacheza nadondosha funguo chini kwenye sakafu, kwaa! Wote watashtuka. Siku naenda kumchukua huyu wa sa hivi walikua sita, wawili wakaenda nyuma ya ndoo hawakurudi, mmoja wala hakugeuka (nikajiuliza kama anasikia vizuri), wawili wakabweka kwa mbali, na kajike kamoja kakaruka nyuma, kakasimama, kakarudi taratibu kwa tumbo, kakanusa, kakaondoka na funguo zangu. Huyo ndo unamtaka. Wiki nane azitimize kwa mama yake, ukiambiwa wiki tano "anakula mwenyewe" kataa.

Sa ukishampata, kwa sisi tunaoishi pwani adui ni kupe, naweka mkazo hapa kwa sababu karibu nipoteze mbwa. Kupe wa kahawia wa mbwa anabeba ugonjwa unaitwa ehrlichia, na shepadi unampiga vibaya kuliko mbegu nyingi, wakati kienyeji wa jirani anao huo ugonjwa na anatembea zake. Popi alianza kukataa chakula, siku ya pili moto mwilini, siku ya tatu naamka nakuta damu puani na kwenye sakafu ya banda, nikawa na hakika mtu kamrushia jiwe, nimeshaanza kumtafuta mbaya wangu mtaani. Dokta akamtoa damu akaniuliza swali moja tu, "kupe mnatoa kila lini?" Nilimeza mate. Vidonge vya doksi (doxycycline, ni antibiotiki) siku 28, na ukiacha siku ya kumi kwa sababu amechangamka umeharibu.

Kwa hiyo kila jioni mkague kwa vidole, katikati ya kucha, ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, chini ya mkia. Halafu banda, kupe huyu anapanda ukutani na kujificha kwenye nyufa, ukimuogesha mbwa na hujapulizia nyufa unafanya kazi ya bure. Dawa za kuogeshea ng'ombe watu wanatumia, lakini kipimo muulize dokta wa mifugo, na sindano ya ng'ombe usimchome mbwa kwa makadirio, wamekufa wengi hivo. Joto je? Usimnyoe! Manyoya yale yanazuia jua pia, mchane tu kila baada ya siku mbili, mtembeze saa 12 asubuhi na baada ya magharibi, mchana kivuli na maji.

Chakula sitarefusha, dona na dagaa au mapupu ni sawa ila ugali usiwe ndo chakula na dagaa ndo harufu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Gawa mara mbili kwa siku, mana ukimpa mlima mmoja usiku afu akaanza kukimbizana na paka tumbo linaweza kujisokota, na hilo likitokea una masaa tu, sio siku. Akiwa anakula kama mashine lakini anakonda na kinyesi ni kingi, cheupecheupe, cha mafuta, usikimbilie dawa ya minyoo kila wiki, shepadi wana tatizo la kongosho, aangaliwe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, afu kila mwaka, na karibu na 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huwa wanachanja bure, sikiliza matangazo ya serikali ya mtaa. Na majirani, jamani. Mtaani kwetu wengi ni Waislamu, mate ya mbwa kwao ni najisi, mtu anaenda zake msikitini na udhu wake wewe unaachia shepadi wako akamlambe eti "hana neno, anacheza". Kamba fupi, pisha njia, subiri wapite. Mzee wa jirani yangu sasa hivi ndo ananipigia simu mbwa akitoka getini.

Mafunzo mwanzie mapema, neno moja kwa kitu kimoja, nyumba nzima mkubaliane. Sijui nani alituroga, mbwa wa Tanzania wote wanaongea Kiingereza, "siti", "kamu hia", huku mwenye mbwa mwenyewe akikutana na mzungu anajificha. Huyu wangu nimemfundisha kwa Kiswahili, kaa, njoo, acha, na anaelewa vizuri tu.

Tomi sasa. Yule krosi wa laki tano hajawahi kuugua kupe hata siku moja, anakula chochote, na usiku ule vijana wameruka ukuta alikua yeye aliyebaki na kipande cha suruali. Bado mimi ni mtu wa shepadi. Lakini kama unakaa nyumba ya kupanga, uwanja mdogo, unasafiri sana, mtu akikupa mtoto wa kienyeji wa bure mchukue, mchanje, mpe jina.

Siku ya kumchukua shepadi wako nenda na tambara la zamani, mpanguse mama yake nalo kichwani na shingoni, ndo umtandikie usiku wa kwanza. Atalia tu, ila atalia kidogo. Na mama watoto mwambie mapema, mimi sikumwambia.