Chupa ya Bordeaux ya mwaka 1996: isimamishe tangu jana

Nimehudumu mezani mjini Bordeaux, Ufaransa, kwa miaka 11, na kosa ninalolikuta sana majumbani ni kuishika chupa ya mvinyo mwekundu wa miaka mingi kama ile iliyonunuliwa juzi. Ukialika wageni Jumamosi, kazi yako inaanza Ijumaa.

Tuseme umejaliwa chupa ya Saint-Julien ya mwaka 1996, ya shamba la Léoville Barton kwa mfano. Saint-Julien ni kijiji cha eneo la Médoc, karibu na Bordeaux, ng'ambo ya kushoto ya mlango wa mto Gironde, penye changarawe inayoupenda mzabibu wa Cabernet Sauvignon, na mwaka ule mzabibu huo ulizaa vizuri mno. Mvinyo huo ulipokuwa mchanga ulikuwa na ukakasi wa kukaza ulimi, kama wa bibo ambalo halijaiva. Miaka inavyokwenda, chembe za ukakasi na za rangi hushikana, huwa nzito, huzama. Ndiyo mashapo meusi yanayolala ubavuni mwa chupa. Hayadhuru, ila ni machungu na yanakwaruza ulimi.

Kwa hiyo inyanyue chupa polepole, uisimamishe saa 24 kabla, gizani, pasipo joto. Siku mbili ni bora zaidi. Mwaka wangu wa kwanza kazini sikulijua hili. Nilitoa chupa ya 1985 stoo, nikapanda nayo ngazi huku mkono ukipepea, nikaifungua papo hapo. Mzee aliyekuwa akisherehekea miaka 40 ya ndoa akapata glasi ya tope. Hakusema neno. Alifuta midomo, akaisogeza glasi pembeni. Glasi ile inaniuma mpaka leo.

Joto linalofaa ni nyuzi 16 hadi 18. Ukiwa Dar es Salaam, usiitoe kabatini ukaimimina: iweke jokofuni, imesimama vilevile, kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Kufungua kunataka mkono mtulivu. Kata karatasi ya shingoni chini ya mdomo wa chupa, ufute ukungu. Kizibo cha miaka hiyo kimelegea kama mkate uliolowa, na kizibuo cha kawaida hukivunja. Mimi natumia kile chenye ndimi mbili nyembamba za chuma: unazipenyeza kati ya kizibo na kioo kwa kuzitikisa huku na huku, kisha unazungusha ukivuta. Kikivunjika usihamaki, chuja kwa kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni. Sasa nusa. Ukisikia harufu ya boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu mvinyo, na hakuna dawa.

Sasa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Washa mshumaa, au tochi ya simu, nyuma ya shingo ya chupa. Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkondo mmoja mwembamba, bila kuirudisha chupa wima hata mara moja, kwani ukiirudisha mashapo yanafumka. Macho yawe kwenye mwanga. Utaona mvinyo unapita angavu, kisha uzi mweusi unanyemelea bega la chupa. Ukifika shingoni, acha. Kitakachobaki ni kama vidole viwili, usikionee choyo.

Wengi huuacha jagini saa mbili tatu upigwe na hewa. Hilo ni la mvinyo mchanga. Mkongwe naumimina wageni wakiwa wameshaketi, maana harufu yake ni nyepesi na huondoka.

Jaza theluthi ya glasi tu. Iinamishe juu ya kitambaa cheupe: katikati bado kuna wekundu, ukingoni rangi ya tofali. Nusa kwanza bila kuizungusha. Mimi hupata mwerezi, jani la tumbaku, ngozi, na majani makavu yaliyonyeshewa. Kisha zungusha kidogo, unywe, uuache mdomoni kabla ya kumeza.

Chakula kiwe cha adabu: mwanakondoo wa kuoka, chumvi na kitunguu saumu, basi. Pilau naipenda sana, lakini karafuu na iliki zitaufunika mvinyo wote, na pilipili ndiyo kabisa.

Mwongezee mgeni kidogo kidogo, kwani glasi ya pili huwa na harufu tofauti na ya kwanza. Umalizeni usiku huohuo, haulali. Na kabla hujapeleka glasi kuoshwa, inuse ikiwa tupu: mwerezi bado umo.