Mvulana asijue kwamba amekua

Ukiandika hadithi ya mvulana anayetoka utotoni, usimpe yeye mwenyewe maneno ya kuyaeleza mabadiliko hayo. Sentensi kama "siku hiyo nilijifunza kwamba dunia haina haki" ni ya mtu mzima aliyejibanza nyuma ya mtoto akimnong'oneza. Msomaji anamsikia, na mtoto anatoweka.

Mpe kitendo. Katika riwaya ya Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn (1884), mvulana Huck, anayesafiri na Jim, mtumwa aliyetoroka, anaandika barua ya kumjulisha mwenye mtumwa huyo mahali alipo, kisha anaichana. Hajioni ametenda jema hata kidogo. Jamii yake imemlea akiamini kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi, kwa hiyo anakubali kwamba sasa ni wa motoni. Sisi ndio tunaoona alivyokua. Pengo hilo kati ya anachojua mtoto na anachojua msomaji ndilo lenye nguvu, na wengi hulifunga mapema mno kwa haraka ya kufundisha (wahariri nao huchangia).

Kwenye rasimu yako, tafuta pale mvulana anapokutana na uovu wake mwenyewe, ufute kila "nilielewa" na "nilitambua". Halafu ipe mikono yake kazi: anamrudishia mwenzake goroli alizomshinda kwa hila, haombi radhi, na moja anabaki nayo mfukoni. Hiyo moja usiiguse. Mtoto anayetakasika ghafla haaminiki, na kusema kweli anachosha.