Kuotesha miti ya asili kwa ajili ya msitu wa Rungwe: kuanzia tunda hadi shimo

Nimekaa msimu mzima na kikundi cha akina mama wa kijiji kilicho jirani na Bujingijila, ule ukanda mwembamba unaounganisha Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Wamenisihi niandike tulichofanya, maana vikundi vingine vinauliza.

Sababu ya kuhangaika na ukanda huo ni kipunji, aina ya kima. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, ingawa wazee wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku nyingi. Duniani kote anaishi huku kwetu na kwenye msitu wa Ndundulu, Udzungwa, basi. Ni mnyama wa juu mitini, kushuka chini ni nadra. Pakiwa na mwanya wa vichaka na kangaga, lile gugu refu la jamii ya feni, kundi la upande huu halikutani na la upande ule. Na mito kama Kiwira na Mbaka, inayoshuka hadi Ziwa Nyasa, inategemea msitu huohuo.

Hatua ya 1: Tazama kinachoota chenyewe

Kabla ya kununua hata kiriba kimoja, yaani kifuko cha plastiki cha kukuzia mche, tembeeni eneo lote. Palipo na macaranga changa, pawekeeni alama na msipande kitu. Huo ndio mti unaotangulia palipofunguka, na chini ya kivuli chake mingine hufuata. Kazi yenu hapo ni kufyeka kangaga tu.

Hatua ya 2: Ruhusa na miti mama

Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, kwa hiyo mbegu za ndani haziokotwi bila kibali cha wahifadhi. Ombeni mapema. Okoteni chini ya miti mingi iliyo mbalimbali. Mti mmoja wenye matunda tele unashawishi, lakini utawapa msitu wa ndugu wa tumbo moja. Msihangaike na kalenda ya kuiva. Hondohondo wakianza kujaa kwenye mti, nendeni.

Hatua ya 3: Mbegu

Hapa ndipo nilipopoteza mwaka mzima, kwa hiyo someni taratibu.

Sisi tumekulia kwenye mahindi na maharage. Mbegu ni kitu cha kuanika mpaka kilie kikavu mkononi. Miaka iliyopita niliokota debe la matunda ya Prunus africana, mti ambao magome yake hununuliwa nje ya nchi kwa dawa ya tezi dume na biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995. Nilimenya, nikatandaza turubai, nikaanika jua la siku nne, nikafunga kwenye kiroba. Mwezi ulipoisha nikasia. Tulimwagilia wiki kumi. Ilitoka miche tisa.

Nilipochukua wembe nikapasua mbegu zilizobaki, ndani mlikuwa na kiini cha kahawia, kimesinyaa kama karanga ya mwaka juzi. Nikaokota tunda jipya chini ya mti uleule, nikapasua: kiini cheupe, kimejaa, kina maji. Mbegu nyingi za misitu ya mvua ziko hivyo. Zimezoea kudondoka kwenye majani yaliyolowa na kuota hapohapo, hazikuumbwa kusubiri. Ukizikausha kama mahindi, umeziua.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Okoteni tunda lililoiva, lenye rangi ya zambarau iliyokolea au kahawia. La kijani liacheni. Lilowekeni usiku mmoja kwenye ndoo, kisha lisugueni kwa mchanga mpaka nyama itoke. Zinazoelea mwageni. Zilizozama zitandazeni kwenye gunia kivulini mpaka maji ya juu yaondoke, siku moja inatosha. Siyo juani, wala juu ya bati, wala jikoni karibu na moto, hata kama mvua imekazana. Pasueni kumi kwa wembe: mkiona viini vingi vya kahawia, msipoteze udongo wenu. Zilizo nzuri zisieni wiki hiyohiyo. Mkilazimika kusafirisha, changanyeni na pumba za mbao zenye unyevunyevu kwenye kikapu. Mfuko wa nailoni uliofungwa huzipikia ndani.

Mivengi, miti ya jamii ya mzambarau, ndiyo isiyosubiri kabisa. Mkiokota mbegu zake asubuhi, jioni ziwe ardhini.

Msikate tamaa mapema pia. Mivengi huwahi kutokeza, lakini Prunus huchukua wiki sita hadi nane, na mpodo, mti mwingine wa asili, huchelewa zaidi. Mama mmoja alikuwa amekwisha chukua jembe afumue tuta apande mchicha. Nikamwambia, "Mama, nipe wiki mbili tu." Siku ya kumi tuta lilikuwa limepasuka mistari mistari.

Hatua ya 4: Viriba

Mnajua kujaza viriba. Nasisitiza jambo moja: changanyeni udongo na ule wa juu kutoka chini ya miti ya asili, una kuvu wanaosaidia mizizi kula. Mbolea ya dukani siitumii kitaluni. Inakuza majani kuliko mizizi.

Hatua ya 5: Kuzoesha jua

Miezi miwili kabla ya kupanda, punguzeni kivuli kidogo kidogo na maji pia. Inueni viriba kila baada ya wiki mbili mkate mizizi inayotoboa chini.

Hatua ya 6: Kupanda

Subirini mvua ikolee, Desemba au Januari. Mita tatu kati ya mche na mche. Chaneni kiriba chote mkiondoe, msikizike.

Kwenye vyanzo vya maji pandeni mivengi, na milingoti (mikaratusi) isikaribie. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini hata bila sheria, mlingoti unakunywa maji mnayoteka. Kama mnataka mbao na kuni, nami nazitaka, pandeni milingoti mashambani, juu kule, ili mtu asiwe na sababu ya kuingia msituni na shoka.

Hatua ya 7: Kangaga

Fyekeni kuzunguka kila mche mara mbili kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Kangaga likilala juu ya mche wakati wa mvua, mche unaoza. Kabla ya Julai safisheni njia ya moto upande wa mashamba. Sisi tulihesabu miche mwezi Juni, tukaweka kijiti palipokufa, na viriba vya kuziba hayo mapengo tayari viko kitaluni chini ya kivuli.