Kuunganisha fokasi kwenye Photoshop: jinsi ya kuhifadhi kazi na kuirudia kesho

Kuunganisha fokasi ni kupiga picha nyingi za kitu kimoja, kila moja ikiwa kali sehemu tofauti, kisha kuzifanya picha moja iliyo kali kote. Nzi mmoja juu ya jani kwangu hula fremu 20, yaani picha 20. Kuziunganisha ni suala la nusu saa. Kusafisha vinyweleo ndiko kunakokula siku mbili. Kwa hiyo utafunga kompyuta kazi ikiwa katikati, utake usitake. Mimi niliwahi kuunganisha leya zote (picha zilizopangwa moja juu ya nyingine) kuwa moja, nikahifadhi JPEG, nikalala. Asubuhi naona ukungu umeuzunguka mguu wa nyuma, na pa kuurekebishia hapapo tena. Nikaanza upya.

Hatua ya 1. Safisha RAW zote (faili ghafi za kamera) kwa mpangilio mmoja wa mwanga na rangi, toa TIFF za biti 16, ziweke kwenye folda moja.

Hatua ya 2. Nenda File > Scripts > Load Files into Stack. Chagua leya zote, kisha Edit > Auto-Align Layers. Kingo zitakuwa zimepinda ovyo. Ziache hivyo hivyo, usikate kitu.

Hatua ya 3. Hifadhi sasa hivi, kabla hujachanganya chochote. Hapa ndipo wengi wanaparuka. Fokasi ikisogea, ukubwa wa mdudu kwenye picha nao hubadilika kidogo, kwa hiyo programu huivuta kila fremu mpaka ilingane na nyingine. Kesho ukiichukua fremu ya 7 kutoka kwenye TIFF ya mwanzo, haitakaa: miguu itaonekana miwili miwili. Faili hii naiita nzi_01_sawa.

Usiihifadhi kama PSD, faili ya kawaida ya Photoshop. PSD mwisho wake ni GB 2, na hesabu yenyewe ni hii: kamera ya megapikseli 24, biti 16, leya moja ni MB 144 kabla ya kubanwa. Leya 20 zinakaribia GB 2.9, na maski (vifuniko vinavyoficha sehemu za leya) bado hujaziweka. Chagua PSB, faili ya Photoshop ya kazi kubwa, tangu mwanzo.

Hatua ya 4. Edit > Auto-Blend Layers, weka Stack Images. Kila leya itapata maski yake. Save As kwa jina jipya: nzi_02_maski.

Hatua ya 5. Kabla ya kufunga, jiachie maagizo. Ukifunga faili, orodha ya History, yaani hatua ulizopitia, inapotea yote. Mimi huandika kwenye jina la leya yenyewe: "mguu wa nyuma, bado", na kuipa rangi nyekundu. Ile akiba ya dharura ya kila dakika 10 ni ya umeme kukatika. Ukifunga programu mwenyewe, usiitegemee.

Hatua ya 6. Ukirudi, fungua faili zote mbili. Ndani ya 01 tafuta fremu ambayo mguu ule umetoka vizuri, iburute kwa zana ya Move hadi kwenye 02, na uachie kipanya huku umeshika Shift. Vipimo vya faili vikiwa sawa, itatua pale pale ilipokuwa. Ndiyo maana nilikukataza kukata kingo. Ipandishe juu kabisa. Shika Alt, bofya alama ya maski: fremu yote inajificha. Chukua brashi laini, rangi nyeupe, opasiti (nguvu ya rangi) asilimia 30, upake juu ya mguu tu, polepole, mpaka ukungu uishe. Vinyweleo viwili vitatu, kisha Ctrl+S.

Kingo nakata kwenye nakala ya JPEG. Faili ya 01 ni nzito, lakini siifuti mpaka mteja aseme ameridhika.